Bofya Mara Moja

Siku ya soko mjini Kitui, duka la kompyuta lililo karibu na stendi hujaa watu kama kinu cha posho. Wengine wamekuja kuchapisha vyeti, wengine kununua chaja, na wengine, tuseme ukweli, wamefuata feni. Katikati ya msongamano huo alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la kitenge cha buluu na manjano, nywele zimesukwa na kufungwa nyuma, laputopu ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Jina lake Kavindu. Alikuwa amekasirika, na hasira ilimpendeza.

"Fundi, niambie ukweli," alisema. "Huyu mtu alitengeneza hii Tunga, ako na mama?"

Tunga ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Yenyewe ni rahisi, mtu akishaipata anaielewa kwa siku chache. Taabu ilikuwa kuiingiza kwenye mashine.

"Kwa nini, madam?" fundi akauliza.

"Kama ako na mama, hajawahi kumwekea. Naulizwa niiweke folda gani. Naulizwa kama nataka kubadilisha PATH. Mimi najua PATH ni nini? Halafu inataka password ya administrator, na hizo mashine nafundishia ni za kanisa. Administrator alihamia Mombasa!"

Duka zima likacheka, isipokuwa kijana mmoja mrefu wa miwani aliyekuwa kwenye foleni ya printa, shati jeupe limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alikohoa kidogo.

"Ako na mama," alisema. "Anaishi Kikima. Na ni ukweli, sijawahi kumwekea."

Kavindu akageuka. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndio huyo mtu. Naitwa Mbuvi."

Akamkagua kuanzia viatu hadi miwani, taratibu, bila haya. "Aiya! Basi leo hutoki Kitui."

Na kweli hakutoka mapema. Kavindu alikuwa akifundisha watu wazima kompyuta katika ukumbi wa kanisa. Walikuwa washonaji, wafugaji wa kuku na chifu mstaafu aliyeitwa mzee Kyule, watu waliotaka kuandika vijiprogramu vya shughuli zao wenyewe. Mbuvi akaanza kuja kila Jumamosi kutoka Kikima. Wawili hao walikaa nyuma ya ukumbi, wakajikataza kusaidia, wakatazama tu mkono wa kila mtu unakwama wapi.

"Ona mzee Kyule," Kavindu alinong'ona. "Ameshika mouse lakini habofyi."

"Anaogopa nini?"

"Swali. Mtu akiulizwa kitu hajui, anafikiri yeye ndio mjinga."

Basi Mbuvi akawa anarudi nyumbani na kuondoa maswali. Leo anaondoa la folda, kesho la password, kesho kutwa anahakikisha yote yanaingia kwenye flash disk ili asiye na bando asikwame. Jioni zikawa za simu.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula chai."

"Chai hailiwi, Mbuvi. Utaanguka hapo Kikima nianze kuitwa mjane wa mtu hajanioa."

Alicheka aliposema hivyo, kisha akageuza mazungumzo haraka. Mbuvi hakuuliza kwa nini. Kila walipogusa mambo ya ndoa, jibu la Kavindu lilikuwa moja, "Nipe muda kidogo, mpenzi," naye alimpa akidhani ni maringo ya kike.

Hayakuwa maringo. Kabla ya Mbuvi kulikuwa na Musyimi, mwalimu wa Tseikuru. Watu wake walikuwa wamefika Kalamba kwa wazazi wa Kavindu na mbuzi wa ntheo, wale ambao kwa Wakamba humfanya binti kuwa mke hata kabla kanisa halijapiga kengele. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamchukua Musyimi kabla ya harusi. Tangu hapo, kila likizo Kavindu huenda Tseikuru kumwona Kanyiva, mama mzazi wa Musyimi, ambaye hana mtoto mwingine. Kabla mbuzi wa mwanamume mwingine hawajakanyaga uwanja wa baba yake, alitaka Kanyiva aisikie habari hiyo kutoka kinywani mwake. Ujasiri ndio haukupatikana. Mbuvi alijua kwamba kuna mtu alifariki, basi. Aliona kutouliza ni upole.

Toleo jipya la Tunga likakamilika. Mzee Kyule akachomeka flash, akabofya mara moja, na picha ya Tunga ikatokea kwenye skrini kama mtu aliyeitwa kwa jina. Ukumbi ukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mbuvi akavimba kichwa. Nasema hivi nikimpenda kijana huyu, lakini alivimba kichwa.

Wiki iliyofuata alichukua wajomba zake na mbuzi, wakaenda Kalamba. Kavindu hakuambiwa. Baba yake alidhani binti ndiye aliyewatuma, na Mbuvi hakumsahihisha. Habari za mbuzi hazihitaji intaneti. Siku hiyohiyo zilifika Tseikuru. Kavindu alimpigia Kanyiva mara tu alipopata fununu.

"Nimesikia," sauti ya Kanyiva ilisema. "Kaa salama." Simu ikakatwa.

Kisha akampigia Mbuvi.

"Surprise, babe!" Mbuvi alipokea akicheka.

"Nani alikutuma kwetu?"

"Nilikuona unasitasita, sweetie. Nikasema nikuondolee mzigo."

"Ulinifanya vile unafanya mzee Kyule. Uliona swali ngumu, ukalitoa, ukanijibia."

"Lakini si wazee walifurahi?"

"Mama ya Musyimi amesikia kwa jirani! Kwa jirani, Mbuvi! Alizika mtoto wake wa pekee, na leo anafikiri mimi nimemzika mara ya pili bila kumwambia."

"Sikujua ntheo ya Musyimi ilikuwa imefika."

"Hukuuliza."

Kavindu akakata simu. Alipopigiwa tena hakupokea, na kwa siku nyingi hakupokea.

Aliyepiga badala yake ni Muthoki, mwanafunzi wa Kavindu anayefuga kuku. Alikuwa ameandika programu ya kumkumbusha kundi gani lichanjwe na lini.

"Mwalimu Mbuvi, hii Tunga mpya ni smart sana. Shida ni moja tu, kazi yangu ya kuku haiko."

"Ulikuwa umeiweka wapi?"

"Si hapo ndani ya ile Tunga ya zamani? Ningeiweka wapi kwingine?"

Mbuvi akaketi. Toleo jipya lilifuta folda ya zamani ili matoleo mawili yasigombane. Amri hiyo aliiandika yeye, na hakuwaza kamwe kwamba mtu anaweza kuwa ameweka kitu chake humo. Ilimuuma vibaya, maana aliona kosa alilomfanyia Muthoki ni lilelile alilomfanyia Kavindu. Alikwenda Kitui, akaomba radhi mbele ya darasa zima, akaliondoa toleo lile mtandaoni na kueleza wazi kosa lilikuwa la nani. Faili hazikupatikana. Alikaa na Muthoki hadi programu ya kuku ikaandikwa upya, na toleo lililofuata halikugusa folda ya mtu bila ruhusa.

Kisha akaenda Kalamba, peke yake. Alimwambia baba yake Kavindu kwamba binti hakujua lolote, na kwamba mbuzi wale wahesabiwe kama hawajaletwa. Mzee hakumtukana. Alimtazama tu mpaka Mbuvi akatamani kutukanwa.

Jioni alimwandikia Kavindu: *Nataka kwenda Tseikuru kuomba mama msamaha. Nikuje ama nisikuje?*

Jibu lilichelewa hadi kesho yake. *Kuja. Lakini mimi ndio nitaongea kwanza.*

Kanyiva aliwakaribisha kivulini mwa nyumba, akawapa maji, hakutabasamu. Kavindu alivaa sketi nyeusi na blauzi isiyo na pambo lolote. Alianza kwa kumwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, ilifaa usikie kutoka kwangu. Niliogopa. Nilifikiri nikikuambia, hutaniita mtoto wako tena."

Kanyiva akamgeukia Mbuvi. "Na wewe?"

"Nilipeleka mbuzi bila kumwuliza yeye, na bila kuuliza kama kuna wengine walitangulia. Nimekuja kuomba msamaha, mama. Sijakuja kuomba bibi."

Kanyiva akafuta uso kwa ncha ya leso. "Nilikasirika, hiyo sitaficha. Lakini sikia, Kavindu. Mimi nilikuachilia siku ile tulitoka kaburini. Kila ukikuja hapa na sukari, najiambia, leo nitamwambia huyu mtoto aende akatafute maisha yake. Nashindwa. Nashindwa kwa sababu ukienda, ni nani mwingine ataniita mwaitu?"

Kavindu alilia. Alilia kilio alichokuwa amekibana tangu mazishi, na hakuna aliyemnyamazisha. Alipotulia, alimtazama Mbuvi kwa macho mekundu.

"Niulize sasa."

"Hapa?"

"Hapa. Mbele yake."

"Kavindu," Mbuvi alisema, "utanikubali?"

"Nitakukubali. Lakini siku hao mbuzi wako watarudi Kalamba, mwaitu huyu atakaa upande wa mama zangu. Kama hatakaa, basi usilete."

Mbuvi akamtazama Kanyiva. Jibu hilo halikuwa lake. Kanyiva aliinuka, akaingia ndani, wakabaki wakitazama mlango. Walisikia sanduku la bati likifunguliwa.

Alirudi na gauni la zambarau, bado limekunjwa kwa mikunjo ya mshonaji.

"Nilishonewa ya harusi ya Musyimi," alisema. "Sijawahi kuvaa. Angalia kama itanitosha."

Kavindu alilipokea, akalipima mabegani mwa mama yule kwa mikono miwili. "Hapa tutalegeza kidogo, mwaitu," alisema, na Kanyiva akainamisha kichwa, akalia.