Aliyebatizwa Ufukweni

Waliokuwa wa kwanza kumshuku Fabien ni kuku.

Ilikuwa siku ya nne tangu mgeni yule apate nguvu za kuketi. Pulchérie alimkuta kwenye mkeka nyuma ya nyumba, sahani ya ugali wa muhogo na samaki wadogo, ndagala, iko mbele yake, haijaguswa. Alipoona anatazamwa, mgeni akamega tonge na kulitupa chini, kama anawagawia kuku. Kuku wale walikuwa walafi, hawaachi hata punje iliyoangukia majivuni. Siku hiyo walisimama mbali, shingo zimenyooka, na hakuna hata mmoja aliyesogea. Tonge likakaa pale mpaka siafu wakalifikia, nao wakalizunguka wakaenda zao.

Pulchérie akajiambia kuku wameshiba. Mara ya kwanza mtu hujidanganya kirahisi.

Mumewe, Anatole, alikuwa katekista wa kikanisa cha udongo kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka Baraka. Padri alishuka na pikipiki yake kutoka Fizi mara moja kwa miezi miwili, na siku nyingine zote Anatole ndiye aliyekuwa kanisa. Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: alipenda mno watu wanaokata roho. Mkristo yeyote anaruhusiwa kumbatiza mtu aliye katika hatari ya kufa, bila ile miaka minne ya mafundisho, na Anatole aliipokea ruhusa hiyo kama mwenzako anavyopokea mwaliko wa harusi. Akisikia fulani amezidiwa, anatoka mbio na kopo la maji. Watani wake walisema akitokea tu mlangoni, mgonjwa anakufa kwa woga.

Basi mwezi wa kwanza wa mwaka 1956, wanawake waliokuwa wakifua nguo walimwona mtu amelala katika matete. Alikuwa uchi, hana jeraha, hana anayemjua. Anatole alifika mbio, Pulchérie nyuma yake na kopo.

"Iko anapumua?" Pulchérie aliuliza.

"Iko," akajibu Anatole, wala hakuinama kumtazama.

Akammwagia maji. Siku ile ilikuwa ya Mtakatifu Fabien, na jina likawa hilo. Alihitajika mtu wa kumsimamia, na wale wafuaji walikuwa Waprotestanti na Waislamu, kwa hiyo Pulchérie akaweka mkono wake kifuani pa yule mtu na kuwa mama yake wa ubatizo. Kifua kilikuwa baridi. Alikumbuka hilo baadaye, sana.

Siku ya tatu yule mtu akaketi.

Furaha ya Anatole haielezeki. Kwa miaka kumi na moja kila aliyembatiza namna ile alikuwa amekwenda kaburini, na hakuna hata mmoja aliyerudi kumwambia asante. Huyu alirudi. "Mama ya Florentine," alimwambia mkewe, "huyu ni mutoto yako ya roho. Kanisa linasema hivyo. Tutamufukuza tumupeleke wapi?" Wakampa kibanda cha jikoni alale humo.

Fabien alikuwa mpole, na upole wake ndio uliomkera Pulchérie. Hakuwahi kusema ametoka wapi. Alijua katekisimu yote, maswali na majibu, bila kufundishwa na mtu. Jua la Baraka likiwaka mpaka mbuzi wanajibanza kwenye kuta, yeye hakutoka jasho. Chakula alikataa kwa adabu, siku zote kwa maneno yaleyale: "Mi nangoja chakula ya Bwana, mama." Padri aliposhuka mwezi wa pili alimpenda papo hapo, akamwita mfano kwa wengine. Baada ya misa Fabien alimsogelea Pulchérie, akamwuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, juu ya nini Padri anakunywa ile damu peke yake?"

"Ni sheria," Pulchérie akasema.

"Na sisi wengine tukiwa na kiu?"

 Pulchérie akasingizia kwamba ameacha mboga ya sombe ikiungua.

Wiki hizo hizo Florentine alianza kupauka. Alikuwa mtoto wao wa pekee, ana miaka saba, aliyewahi kupanda juu ya paa la kanisa kwa sababu tu ameambiwa asipande. Sasa alikaa kivulini akitazama mikono yake. Ndani ya kope mlikuwa mweupe. Muuguzi wa zahanati alisema damu imepungua, akatoa dawa ya kinini na kushauri maini ya ng'ombe. Pulchérie alimpikia maini. Mtoto alikula na akazidi kupauka, na kwenye kiwiko, upande wa ndani, palikuwa na vidoa viwili vidogo, kama amechomwa na mwiba.

"Mbu," alisema Anatole.

"Mbu ya wapi inauma pahali pamoja kila siku?"

"Mama ya Florentine, unatafuta nini?"

Hakumwambia anatafuta nini. Kusema ukweli alimwogopa mumewe kidogo siku hizo, kwa sababu alikuwa na furaha sana, na mtu mwenye furaha kama ile hasikii.

Kila adhuhuri, wakubwa wakiwa kwenye mashamba ya pamba, Florentine ndiye aliyempelekea Fabien maji. Siku moja Pulchérie alikuwa akipalilia, jua liko utosini, mara mikono ikakataa kufanya kazi, hakuna sababu. Akaacha jembe na kushika njia ya nyumbani, mwanzo akitembea, halafu akitembea haraka, halafu akikimbia huku akijiambia hakimbii, na alipofika uani hakusikia kuku, hakusikia mtoto, alisikia tu mtu akisali Baba Yetu taratibu sana, neno baada ya neno, na kila baada ya neno kukawa na kimya kifupi chenye unyevu, kama mtu anayemeza, na harufu ya chuma kilicholowa ikamjia kutoka kibandani mpaka akaionja mdomoni, akasukuma mlango na kumwona Florentine amelala, kichwa chake mapajani pa Fabien, na mkono wake mwembamba umeinuliwa karibu na midomo ya yule mtu, ambaye hakushtuka wala hakuuachia, alimaliza tu sala yake mpaka mwisho, akasema amina.

"Mi niko namufundisha kusali, mama," alisema. Alijifuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

Pulchérie alimbeba mtoto na kutoka. Alimbeba moja kwa moja mpaka kwa jirani yake Waridi, mke wa Mwalimu Yunusu aliyetibu watu kwa kisomo, na njiani hakujali nani anamwona. Mke wa katekista kwenda kutibiwa na Mwislamu! Habari ikifika Fizi, Anatole angepoteza kazi. Lakini Florentine alikuwa mwepesi mikononi mwake kuliko kikapu cha pamba, na hapo woga wote mwingine ulimtoka.

Mwalimu Yunusu alikuwa mzee mwenye kikohozi, asiyependa maneno mengi. Alikitazama kiwiko, akakirudisha chini polepole.

"Hii banaita subiani," akasema. "Jini ya kunywa damu ya batoto. Lakini ile haiingiake nyumbani ya bantu hivi hivi. Nani aliifungulia?"

Pulchérie akaufunika mkono wa mtoto kwa kanga yake. 

Mchana uliofuata Anatole akiwa darasani, mzee alikuja na chetezo na kitabu chake. Alikaa mbele ya Fabien kwenye mkeka, akafukiza ubani, akasoma muda mrefu. Fabien alisikiliza kwa heshima.

"Jina yako nani?" mzee akauliza.

"Fabien."

"Ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza ilienda na maji, mwalimu."

"Dini yako?"

"Mi ni Mukristo. Katolika." Akatabasamu, akamtazama Pulchérie. "Uliza mama."

Mzee akafunga kitabu. Alimvuta Pulchérie mpaka nyuma ya nyumba na kunong'ona, jasho likimtiririka. "Mama, mi niko nafukuza ile jini haina muntu yake. Naiuliza jina, naiuliza kabila, naiambia rudi kwenu. Huyu kwabo ni hapa. Iko na jina, iko na baba mubatizi, iko na mama. Mulimupatia mulango, mukamupatia na jamaa. Mi sitaweza."

"Nani ataweza?"

"Bale balimuingiza. Bamukatae. Lakini Kanisa yenu si inasema ile maji haifutike?"

Ndivyo linavyosema. Pulchérie alikaa na neno hilo mpaka jioni, akilia kando ya mtoto, na katikati ya kulia akakumbuka kifua kile baridi. Maji hayafutiki, sawa. Lakini maiti habatizwi. Kama Anatole alimwagia maji maiti, basi hakuna ubatizo uliofanyika, hakuna Fabien, na kitu kile kimekaa nyumbani mwao kwa jina lisilo lake.

Alimngoja mumewe mlangoni.

"Baba ya Florentine, ile siku, alikuwa anapumua?"

Anatole alikawia kuvua viatu.

"Nilikuambia alikuwa anapumua."

"Hukuinama. Mi nilikuona. Hukuinama!"

"Unataka niseme mbele ya bantu nilibatiza maiti? Unajua Padri atanifanya nini?"

"Ingia ndani," Pulchérie alisema, "uangalie mutoto yako."

Akaingia. Florentine alifumbua macho, akamtazama baba yake, akashindwa hata kuinua kidole. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Pulchérie akamsimulia aliyoyaona kibandani, na kwamba waliomwingiza Fabien ndio wa kumkataa. Anatole alikaa pale kitandani mpaka kukapambazuka, na ilikuwa Jumapili.

Kanisa lilijaa. Fabien alikaa benchi la mbele upande wa wanaume, mikono imekunjwa. Kabla ya wimbo wa kwanza Anatole alisimama, akaweka mkono juu ya msalaba wa altare, na kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuisikia vizuri akasema kwamba alitenda dhambi kubwa, kwamba mtu aliyemkuta katika matete mwezi wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, kwamba alimwaga maji juu ya maiti kwa kutaka sifa, na kwamba jina alilolitoa si jina la mtu.

Minong'ono ikaanza. Fabien hakumtazama Anatole hata mara moja. Aligeuka taratibu kwenye benchi, mabega hayakusogea, shingo tu, mpaka akamwona Pulchérie upande wa wanawake.

"Na we, mama?" aliuliza. "We unasema nini?"

Sauti ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni, na Mungu amsamehe Pulchérie, alimwonea huruma. Aliona uso ule ukimsihi, akakumbuka kwamba Fabien hakuwahi kumpigia kelele wala kumvunjia chombo, kwamba kila asubuhi alimwamkia kabla ya wengine wote, huku watu wakimgeukia, huku harufu ile ya chuma ikitanda juu ya mabenchi mpaka watoto wachanga wakaanza kulia mmoja mmoja, na ndipo akamwona Florentine mgongoni mwa Waridi kwenye mlango wa kanisa, kichwa kimeanguka pembeni.

"Mi sina mutoto anaitwa Fabien," akasema. "Sikukuzaa kwa tumbo wala kwa maji. Toka."

Alitoka. Alipita katikati ya watu bila haraka, akashuka ufukweni, akaingia ziwani na nguo zake. Maji yalimfika magotini, kifuani, kichwani. Hakuogelea, na hakuna povu lililopanda. Watu walisimama wakitazama mpaka jua likawauma macho.

Padri alimwachisha Anatole ukatekista mwezi uliofuata, na aliletwa mwingine kutoka Fizi. Anatole akawa mkulima wa pamba kama jirani yeyote, na alikuwa mkulima mbaya. Lakini Florentine alipona. Mwezi wa sita alikuwa na mashavu, mwezi wa saba alishikwa juu ya paa la kanisa. Pulchérie aliona kwamba wamelipa bei ndogo, na alikuwa akisema hivyo kwa yeyote aliyethubutu kumcheka mumewe.

Siku ya kuvuna walikuwa shambani wote watatu. Anatole alichuma kidogo, akasimama. Alikuwa amekonda miezi ile, na mkewe alidhani ni aibu.

"Mama ya Florentine, kuko neno iko inanikula."

"Sema."

"Nilidanganya kanisani." Alikuwa akinong'ona, macho yako kwenye pamba. "Ile siku sikuinama, kweli. Lakini wakati nilimwanga maji, alinishika kidole. Alinishika na akafumbua macho. Alikuwa muzima, Pulchérie. Nilimubatiza kweli. Nilikana ubatizo ya kweli na mukono juu ya musalaba, sababu ya mutoto tu."

Pulchérie aliuangusha mfuko. Alimrukia na kumziba mdomo kwa kiganja chake, kwa nguvu, mpaka akahisi meno yake.

"Usiseme tena," akasema. "Ulibatiza maiti. Unanisikia? Ilikuwa maiti. Usirudie ile neno hata kwa Padri, hata siku ya kufa."

Anatole akaitikia kwa kichwa. Walikaa hivyo, wakisikiliza. Pamba ilikuwa kimya, na pale mwisho wa mstari Florentine, aliyekuwa akiimba tangu asubuhi, alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni kama mtu anayesemeshwa sikioni.

"Baba," aliita. "Sema tena. Anasema hakusikia muzuri."