Nguzo ya Saba

Siku walipobomoa ukuta wa sinema ya magari, ambako filamu zilitazamwa kutoka garini, nusu ya Malindi ilijaa uwanjani, kila mtu na simu yake akipiga picha. Wafa, mjane wa miaka arobaini na mitano, alivaa buibui jeusi lenye nakshi za kijani mikononi. Alikuja kuaga tu. Alasiri hiyo kaka yake, Abdurahman, alingoja jibu la posa ya Rashad, na Wafa alishaamua kukubali.

"Nawe umekuja kuzika?" sauti ikamwuliza kwa nyuma.

Alikuwa Huzaifa. Mvi zimemjaa kidevuni, kanzu imeshika vumbi, lakini sauti ni ile ile. Wafa alihisi baridi, kana kwamba ameitwa na marehemu.

"Hukuja," akasema. Miaka ishirini na saba, na neno lake la kwanza likawa hilo. "Tulipatana nguzo ya saba, usiku wa filamu ya mwisho. Nalikungoja mpaka spika zikanyamaza."

"Aliyengoja ni mimi, bibiye. Nikajua umenikataa."

"Mwongo wewe."

"Haya, nionyeshe uliposimama."

Nguzo za spika zilikuwa bado wima, kutu tupu. Nambari zake zilifutika tangu enzi zile, watu wakawa wanazihesabu tu. Huzaifa akaanzia lango kuu. Wafa akaanzia lango la nyuma, lililokuwa la magari ya kina mama, kama alivyozoea utotoni. Kila mmoja alipofika ya saba akasimama. Uwanja mzima ulikuwa kati yao.

Hakuna aliyecheka. Wafa alijiona kando yake, msichana wa miaka kumi na minane, bado anangoja, na kule mbali kijana ameshika spika. Waliachwa hapo miaka yote. Machozi yakamtoka.

Simu ikalia. Kaka yake.

"Huzaifa, una mke?" akapaza sauti, watu wakageuka.

"Ningemweka wapi, nawe hujanijibu?"

Tingatinga likanguruma. Wafa akaenda mpaka lango kuu, akahesabu upya, akigusa kila nguzo. Kwenye ya sita simu ikalia tena, akapokea.

"Kaka, mwambie Rashad aniwie radhi."

Akapiga hatua za mwisho.

"Umechelewa, mpenzi," Huzaifa akasema.

"Nalikosea lango."

Nyuma yao nguzo ile nyingine ikaanguka. Wafa hakugeuka kumtazama msichana aliyebaki pale.