Shimo la Mwau

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ndanu alimnywesha uji mdogo wake Mwau huku amemshika shingo. Asingemshika, kichwa kingelala kando. Mwau alikuwa na miaka miwili na hajasimama hata siku moja. Katika ploti yao ya nyumba za kupanga, mtaa wa Landless, Thika, majirani walishampa jina: Mvivu. Mtoto wa kushikwa shingo, aitwe mvivu, jamani!

Jumamosi moja mama yao, Syokau, alikuwa kazini Ruiru kwenye shamba la maua. Nyanya yao mzaa mama, waliyemwita Susu, akachimba shimo nyuma ya nyumba.

"Tumsimamishe humu, tumshindilie mchanga mpaka kiunoni," alisema. "Kwetu watoto waliochelewa kutembea walisimamishwa hivi, miguu ikashika nguvu."

"Lakini Susu, shingo yake..."

"Nyamaza, wee! Umelea watoto wangapi?"

Ndanu akaazima ndoo kwa jirani, akaanza kuleta mchanga. Hakuna alichokitaka duniani kama kumwona Mwau akitembea. Mchanga ulipojaa, Susu aliingia jikoni kuchochea moto, naye Ndanu akarudisha ndoo kwa jirani. Aliporudi, Mwau alikuwa ameinama mbele, uso wote mchangani. Midomo ilikuwa imegeuka rangi.

Walimfukua, wakamkimbiza hospitalini. Huko Susu aliwahi kumjibu daktari. "Ameanguka kitandani." Kisha akamtupia Ndanu jicho kali.

Daktari Nyawira akaanza kupapasa kichwa cha mtoto akitafuta uvimbe. Mwau alikoroma, pumzi ikimpotea. Kumuumbua Susu mbele ya watu ni utovu wa adabu, lakini Mwau alikuwa anakufa!

"Si kweli, daktari! Alikuwa shimoni. Amevuta mchanga!"

Susu akasonya. Daktari akaacha kichwa, akauvuta mchanga kooni kwa mrija. Kifua kikaanza kupanda na kushuka.

Vipimo viliendelea kwa majuma kadhaa. Majibu yalipotoka, daktari aliwaita.

"Mwau si mvivu wala hajarogwa," alisema. "Amezaliwa na ugonjwa wa misuli. Miguu, shingo, hata kifua ni dhaifu. Tutamsaidia kupumua na kukaa vizuri, lakini huenda asitembee kamwe. Mama mwenye afya njema anaweza kuubeba ugonjwa huu bila kujua, ukampata mwanawe wa kiume. Je, kwenu kulikuwa na mvulana mwingine wa hivi?"

Syokau alitikisa kichwa huku akilia. Susu akainamia sakafu.

"Maluki," alisema. "Kifungua mimba wangu. Nilimsimamisha shimoni kila siku. Akilia, namchapa aache uvivu. Alikufa akiwa mdogo kama huyu."

Ndanu alimwonea uchungu mjomba ambaye hakumjua, na akamkasirikia Susu.

Jioni hiyo Susu alilifukia shimo mwenyewe.

"Ndanu, siku ile ulinivunjia heshima," alisema bila kuinua uso. "Lakini ulifanya vyema. Mtoto asiposimama, apelekwe hospitali mapema. Na daktari akiuliza, mwambie ukweli, hata kama anayekutolea macho ni mimi. Maluki wangu hakuwa na dada wa kumsemea."