Tarishi wa Nyumba Mbili

Lifti zote mbili za jengo lile refu ziligoma asubuhi, na ukumbi wa chini ukafurika watu. Mawakili walitazama saa zao, mawakala wa bima wakajipepea kwa makabrasha, na mama mmoja mwenye shavu lililovimba akalalamika kwamba daktari wake wa meno yuko ghorofa ya nane na ngazi haziwezi. Hakujua kwamba daktari mwenyewe amesimama ubavuni pake, koti jeupe mkononi, gauni la kijani limemkaa kama kazaliwa nalo, macho yamezama kwenye simu.

Alikuwa akicheza Tarishi. Katika mchezo huo humwendeshi roboti kwa kidole. Unampangia vibao vya rangi vyenye amri, kimoja baada ya kingine: nenda, geuka, ukikuta mlango gonga, rudia. Kisha unabonyeza na kukaa pembeni uone kama atafikisha kifurushi. Roboti wa daktari alikuwa akijibamiza ukutani.

"Huyo atagonga ukuta mpaka kiama," sauti ikasema nyuma yake. "Umemwambia arudie, hukumwambia aache lini."

Akageuka. Kijana wa ovaroli ya buluu, bisibisi nyuma ya sikio, doa la grisi kwenye paji la uso, anatabasamu bila haya.

"Wewe umeitwa kutengeneza lifti au kuchungulia simu za watu?"

"Lifti imeshapona, Dokta. Nilikuwa nangoja unione ndipo niiwashe."

Daktari alijitahidi kununa, akashindwa.

Tangu hapo, Fundi hakukosa sababu ya kukagua lifti za jengo lile. Mchezo uliruhusu wachezaji kutengeneza vyumba vyao na kuwarushia wengine, na wao wakageuza vyumba kuwa barua za mapenzi. Fundi akimtegea mlango mgumu, Daktari anaufungua na kukuta ujumbe: "Umekula, kipenzi?" Anampigia simu akicheka.

"Ungeniuliza tu kama nimekula!"

"Utamu wake uutafute, mpenzi. Vya bure havina ladha."

Siku moja Daktari alimuuliza kuhusu mwanamke aliyekuwa naye zamani. Fundi akajibu haraka mno, "Yule? Sijamwona tangu tuachane." Yakaishia hapo.

Ikafika Jumamosi ya Fundi kwenda kujitambulisha kwa shangazi aliyemlea Daktari. Nyumba ilifagiliwa, chakula kikapikwa, shangazi akavaa hereni zake za harusi. Chakula kikapoa. Kikapashwa. Kikapoa tena. Simu ya Fundi ilikuwa imezimwa.

"Labda kapata ajali," Daktari akasema.

"Labda," shangazi akajibu, akivua hereni.

Jumatatu, karani wa mapokezi aliingia na simu mkononi, uso umemshuka. "Dada, sikutaka uone kwa mtu mwingine." Picha mtandaoni: Fundi kakaa kwenye benchi, shati jeupe, na yule mwanamke wa zamani kamlalia begani. Imepigwa Jumamosi.

Daktari hakulia. Alimaliza wagonjwa wake, akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa na kufungua Tarishi. Fundi alipopiga, alikata. Alipopiga tena, akaifungia namba yake kabisa. Kisha akaanza kujenga, na moyo wake ukapata starehe ambayo hakuitegemea.

Chumba alikiita Tarishi wa Nyumba Mbili. Roboti alivikwa ovaroli ya buluu, akawekewa bisibisi nyuma ya sikio. Kulia mwanamke, kushoto mwanamke, naye akigonga mlango huu na ule kwa maneno yale yale: "Ni wewe tu, kipenzi." Ili ushinde, ulipaswa kupanga vibao mpaka wanawake wote wawili wafungue milango kwa pamoja, wamkute katikati, wamsukume kwenye shimo la lifti. Akadumbukia na mlio mrefu. Daktari alimdumbukiza mara nyingi kabla ya kuwarushia watu chumba hicho.

Jengo zima likacheza. Mawakili walimdumbukiza wakati wa chai. Fundi akipita ukumbini, watu wanaimba, "Ni wewe tu, kipenzi!" Meneja wa jengo akasema hataki mafundi wa kashfa, na kampuni ya Fundi ikamhamishia tawi la mji wa mbali. Daktari alipopata habari hizo, alijipaka rangi ya mdomo nyekundu na kufanya kazi siku nzima akiimba.

Lakini Fundi naye hakuwa wa kupigwa akageuza shavu. Kikatokea chumba kiitwacho Jino Bovu. Roboti wa gauni la kijani, koleo mkononi, anang'oa jino la kila anayeketi mbele yake kabla hajamuuliza linauma lipi. Wagonjwa wawili wakaahirisha miadi. Yule mama wa shavu akaja, lakini akasema akiwa mlangoni, "Ni hili la chini, Dokta. La chini!"

"Nitamkomesha," Daktari akafoka. Akakicheza chumba kile kwa hasira, kibao juu ya kibao, mpaka mlango wa mwisho ukafunguka. Ndani, maneno machache: "Mzee aliyenifundisha kazi alifariki hospitalini nikiwa nimemshika mkono, simu nimeizima, Jumamosi ile. Yule ni binti yake. Hukuniuliza."

Akaifungulia namba ya Fundi, akampigia.

"Kwa nini ulisema hujamwona?"

"Nilikuwa naenda kwao kila wiki, kumwona mzee. Nikaogopa utaelewa vibaya."

"Basi ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Na wewe umenizika."

Daktari alipomsimulia shangazi, alitarajia kubembelezwa. Shangazi akachukua mkoba wake tu. "Twende."

Walimkuta Fundi chumbani kwake katikati ya maboksi yaliyofungwa kamba, godoro limekunjwa, kiti kimoja kimebaki.

"Umekuja kunicheka?" akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi. Na kuombwa," Daktari akasema. "Kazi yako siwezi kuirudisha. Nimemwendea meneja, kakataa."

Fundi aliiachia kamba ya godoro. "Niliumia, Dokta. Lakini nisamehe. Ningesema kweli mapema, yote haya yasingekuwa."

"Nisamehe na wewe."

"Nikifika huko, nikipata nyumba... utakubali nikuoe?"

Kabla hajajibu, shangazi alipita katikati yao, akaketi kwenye kile kiti kimoja, akaweka mkoba mapajani.

"Nitakunywa chai," akasema.

Fundi akatazama maboksi. "Shangazi, vyombo vyote nimeshafunga. Na basi langu linaondoka saa tisa."

"Liondoke. Kwani basi ndilo lililokupikia Jumamosi ile?"

Daktari akauma mdomo ili asicheke. Fundi akapiga magoti, akaanza kukata kamba za boksi la kwanza. Halikuwa la vyombo; akavuta la pili.