Kamba Mbili za Bastola

Mama yangu mdogo, ambaye kazini wanamwita Bi Bahasha, alifika kwenye ile nyumba ya ghorofa baada ya chakula cha mchana, jua linawaka, boksi lake la kadibodi kwapani. Kazi yake ndiyo hiyo: watu wakiuana, yeye huwakusanyia polisi ushahidi uliobaki. Hana mbwembwe, lakini mdomo anao.

Msichana wa kazi alikuwa ameshapelekwa mochwari. Bosi wake alisema amejipiga risasi mwenyewe. Getini, mama wa marehemu alikuwa amekaa chini, analia: "Mwanangu hata kuchinja kuku alikuwa anaogopa."

Bastola bado ilikuwa kwenye zulia.

"Mbona haijachukuliwa?" Bi Bahasha akauliza.

Mpiga picha wa polisi, mwenzake wa miaka mingi, akamnong'oneza. "Wenzetu wamekataa kuigusa. Imezindikwa, dada. Anayeitoa humu ndani mkono unakauka."

Bosi alikuwa kwenye ngazi, anatabasamu. "Hiyo niliachiwa na marehemu baba. Ina wenyewe. Iache, mama."

"Mama wa nani? Mimi sijakuzaa. Na kama ina wenyewe, waje kituoni kuidai."

Ilipopigwa picha, akavaa glavu mpya. Akaishika kwenye sehemu ya mpini yenye mikwaruzo, pale ambapo alama za vidole hazikai, mtutu mbali na watu, kidole mbali na kifyatulio. Akachomoa magazini ya risasi. Akavuta mgongo wa bastola, risasi moja ikatoka. Nayo ikapata bahasha yake, na ganda la risasi iliyofyatuliwa, lililokuwa chini ya kochi, likapata yake. Karatasi tupu, si plastiki, maana plastiki hutoa jasho na jasho hula alama. Akamwonyesha mwenzake chemba, pale risasi inapokaa.

"Tupu?"

"Tupu."

Akafungua pakiti mpya ya kamba za plastiki, akaifunga bastola kwa kamba mbili kwenye sakafu ya boksi, akabandika utepe, akatia sahihi juu yake.

Garini, boksi lilikuwa mapajani mwake.

Tak.

"Umesikia?" mpiga picha akanong'ona.

"Endesha."

Tak. Kifyatulio kilikuwa kinavutwa. Mle ndani. Mkono wake wa kulia ukaanza kupoa, vidole kwanza, halafu kiganja, halafu kiwiko. Kitu kikageuka. Taratibu. Kikakwaruza kadibodi. Kikatulia kikielekea tumboni kwake.

"Fungua tuangalie, dada! Au litupe!"

"Nikikata utepe huu, wakili wake atasema nimeichezea. Yule mama pale getini atabaki na nini?" Aliogopa, jamani, tena sana. Lakini akaliinamia boksi. "Nipige basi! Umeshaua mtoto wa mtu, mimi utanitisha na nini?"

Ndani kukawa na purukushani. Halafu pumzi, kama ya mtu aliyebeba mzigo. Halafu kimya.

Maabara, fundi wa silaha aliukuta utepe mzima. Bastola ilikuwa palepale, chemba tupu. Kwenye mgongo wake na kifyatulio kulikuwa na alama za vidole vya bosi. Vya msichana havikuwepo popote kwenye chuma.

Vilikuwa kwenye kamba. Alama za vidole vitano vidogo, vilivyozikaza zote mbili.

"Nani alizishika baada yako?" fundi akauliza. "Huyu alikuwa mochwari."

"Andika ulichokiona," Bi Bahasha akamjibu.

Bosi alifungwa. Mkono wa Bi Bahasha haukukauka, ila haujapata joto mpaka leo, na kazini bado yupo. Anayemshauri aache anaambiwa akalale.

Siku bosi alipohukumiwa, mama wa marehemu alikuja kumshukuru. Akaushika mkono ule wa kulia, akashtuka, akaukumbatia kifuani kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu alikuwa na mkono wa baridi hivi hivi," akasema, "akitoka kufua asubuhi."

Hakutaka kuuachia.