Lango la Watu Wawili

"Wapenzi watazamaji, hili gemu ni la kitambo, lakini utamu wake haujachuja!"

Fundi wa televisheni alikuwa anajirekodi kwa simu, kama kawaida yake akishafunga karakana. Nyuma yake alikaa mchumba wake, mshonaji ambaye yeye humwita Sindano, akipinda suruali ya suti ambayo fundi angeivaa kwenye harusi yao.

"Muziki unasisimua. Wachawi, majoka, malkia aliyepotea, yaani hadithi imeshiba! Ila kasoro zipo. Nyuso za watu kama viazi. Ukisahau kuhifadhi, imekula kwako. Na kubwa kuliko zote, lango la mwisho halifunguki mpaka muwe wawili, kila mtu na padi yake ya kuchezea. Mimi nimelivuka juzi, na nawaambia..."

Sindano aliacha kushona. Gemu hilo walilianza pamoja uchumba ukiwa mbichi, wakaapa lango la mwisho watalivuka wakishaoana.

"Umelivuka na nani?"

Fundi alizima simu. "Eh?"

"Padi ya pili alishika nani?"

"Nilishika zote mwenyewe, mpenzi. Moja mkononi, moja mguuni."

"Usinifanye mtoto. Juzi uliniambia uko kwa mama yako, anaumwa."

"Sindano, ni gemu tu!"

"Kama ni gemu tu, mtaje."

Sindano hakuhitaji kupiga ramli. Mtu mwingine aliyeliweza gemu lile alikuwa mmoja tu, Kitinda, mdogo wake wa kike, na aliyemfundisha ni Sindano mwenyewe. Alimpigia, akaweka sauti ya juu.

"Kitinda, hivi mwisho wa lile gemu ukoje?"

"Weee dada, nililia! Malkia anakataa taji, halafu..." Sauti ikakatika.

"Endelea. Shemeji yako yuko hapa anasikia."

"Dada... alisema atakuambia mwenyewe. Alisema harusi haipo tena."

"Kitinda!"

"Tunapendana, dada. Nisamehe."

Kuachwa na mwanamume angevumilia, wangapi wameachwa na bado wanakula na kulala? Lakini huyu mtoto alimbeba mgongoni.

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia," fundi alisema, macho chini.

"Ukaniacha nakupindia suruali!"

Aliitupa ile suruali, akatoka. Barabarani alimpigia mama yake.

"Mama, waambie watu harusi hakuna."

"Mungu wangu! Kuna nini? Amekukosea?"

Sindano alifungua kinywa. Alimjua mama yao. Akilitaja jina la Kitinda, mtoto yule asingekanyaga tena nyumbani.

"Hapana, mama. Nimemchoka tu."

"Umemchoka? Kijana anayekupenda vile! Kiburi chako kitakuzeesha nyumbani. Bora mdogo wako, ana utu. Yeye akipata mume atamtunza."

"Ndiyo, mama. Atamtunza."

Akakata simu, akaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, akalia kwa sauti mbele ya wapita njia.