Upande wa Kulia Juu

Jumamosi ile ya Agosti jua lilikuwa kali tangu asubuhi, na nyenje walikuwa wakilia bila kupumzika katika mierezi ya uwanja wa tamasha. Koshiba, ambaye nyumba yake imepakana na yetu, alifika mapema kwenye hema la wachezaji akiwa amevaa kimono, na mkononi sanduku la marehemu mkewe: mikanda, vibanio, vitambaa vya kukazia kiuno. Kwa miaka ishirini na sita Sanae ndiye aliyewavisha kimono wachezaji wa kikundi hiki. Alifariki Mei. Koshiba, mwalimu mstaafu wa kemia, alisema kazi hiyo ataifanya yeye. Amemtazama mkewe miaka yote hiyo, hatua anazijua.

Hatua alizijua kweli. Mikono ndiyo haikuzijua.

"Mwalimu," alisema Banri, kiongozi wa kikundi, huku akikaza nyuzi tatu za shamiseni yake, "huyo unamfunga mshipi au unafunga mzigo wa kuni?"

"Si anapumua?"

"Kwa zamu, Mwalimu," alijibu mchezaji mwenyewe, na wenzake wakaangua kicheko.

Banri na vijana wake walikuwa wameuchukua wimbo wa zamani wa sikukuu ya Bon, ule wa kuwapokea wafu wanaporudi nyumbani kwa siku chache, wakauchanganya na gitaa la umeme na dramu, mwendo ukawa mara mbili. Wazee walinung'unika. Uwanja hata hivyo ulijaa.

Wa mwisho kuvishwa alikuwa Honoka, binti wa pekee wa Koshiba, mwenye miaka kumi na tisa. Tangu msiba walikuwa wakiongea mambo ya chakula na funguo tu.

"Usinibane sana, Baba."

"Simama wima."

"Mama naye alikuwa anasema hivyohivyo."

Koshiba alianza kumvisha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mikono yake ikaenda yenyewe. Haikusita hata kidogo. Kitambaa kililala, ukosi ukakaa, mshipi ukakubali. Alimwangalia akitoka hemani, akahisi kitu kinachokaribia furaha.

Saa nane mchana walipanda jukwaani, Koshiba akasimama mbele kabisa. Siku zote Honoka huchelewa kidogo nyuma ya mdundo. Leo hakuchelewa. Mikono yake ilikunjuka kwa utulivu ambao hakuwahi kuwa nao.

Bibi mmoja mwenye upepeo alimsogelea Koshiba.

"Samahani," alinong'ona. "Yule binti wa mwisho, nani kamvisha?"

"Kwani vipi, Bibi?"

Yule bibi alifunika mdomo kwa upepeo wake, akasogea hatua mbili mbali naye.

Hapo Koshiba akaona. Kimono hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu, awe mwanamume, mwanamke au mtoto. Upande wa kulia huwekwa juu kwa mtu mmoja tu, aliyelala ndani ya jeneza. Wachezaji watano walikuwa sawa. Honoka alikuwa amevaa kama maiti.

Akaelewa kwa nini mikono yake haikusita. Kabla ya leo, mara ya mwisho kukunja ukosi wa kimono ilikuwa Mei, sebuleni kwao, juu ya mwili wa Sanae.

Banri aliwapungia mkono watazamaji waingie kwenye ngoma. Watu wakapanda, duara likapanuka, likazunguka. Nyuma ya Honoka palibaki nafasi. Kila aliyeielekea aliizunguka bila kuitazama, kama watu wanavyozunguka dimbwi.

Wengine walikuwa wamelowa jasho. Uso wa Honoka ulikuwa mkavu.

Koshiba alipanda. Aliingia duarani, akazunguka na wenzake mpaka akamfikia, akamshika kiganja. Baridi ile aliijua. Ilikuwa baridi ya barafu kavu, ile waliyompangia Sanae ubavuni kwa siku mbili kabla ya mazishi.

"Honoka."

"Subiri, Baba," alinong'ona bila kugeuka. "Ananiwekea ukosi vizuri."

Koshiba alimfungua mshipi mbele ya watu wote. Mtu alipiga kelele. Akauweka upande wa kushoto juu, akaukandamiza. Kitambaa kikateleza chini ya vidole vyake, kikarudi kilikotoka. Polepole. Nadhifu. Kama mkono wa mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi.

Akarudia. Kikarudi.

Akarudia tena. Dramu ilikimbia. Midomo ya Honoka ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Koshiba aliigeukia ile nafasi tupu.

"Sanae," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekosea mimi. Si yeye."

Hakuna kilichosogea.

"Basi nichukue mimi."

Akaifungua kimono yake mwenyewe. Akaweka upande wa kulia juu. Akafunga.

Honoka alianguka. Alikohoa, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji. Muziki ulikatika. "Joto, Baba," alilia. "Joto jamani."

Koshiba alibaki amesimama, akisubiri. Nafasi ile sasa ilikuwa mbele yake. Kisha mwanamke mmoja mwenye pakiti ya tambi za kukaanga akapita palepale, bila kuizunguka.

"Ni jua," alisema Banri hemani, uso umempauka. "Tuseme ni jua, Mwalimu. Sawa?"

Wakasema ni jua.

Jioni, nyumbani, Koshiba alitaka kuvua. Ikashindikana. Alimwita Honoka, naye akaleta mkasi kabla hajaambiwa kitu.

Upande wa kushoto ulikuwa juu. Koshiba hakuwa ameugusa tangu alipoweka wa kulia juu kule jukwaani. Na kuanzia kifuani hadi kwenye mshipi, ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo, yote sawasawa.

"Baba, nani kakushona?"

Honoka alikata mshono wa kwanza, akauvuta uzi taratibu hadi ukaisha. Akaukagua dirishani, ncha hii na ncha ile.

"Hauna fundo," alinong'ona. "Nguo za maiti ndizo hushonwa hivi."

Koshiba aliupokea uzi ule kiganjani. Ncha moja ilikuwa imelowa, pale mtu anapoulamba kabla ya kuutunga kwenye sindano.